Mke Mwenza Mwenye Ndevu

Ko, ko-ko.

Hiyo ni kwato ya mbuzi juu ya mlango wa mbao za sanduku. Hata leo, nikiwa napepeta mchele uani, mtu akigonga kitu kwa mpigo ule, ungo husimama mkononi mwangu. Ko, mara moja. Halafu ko-ko, upesi upesi, kama mtu aliyekumbuka kwamba ana shughuli nyingine. Na baada yake, kutoka ndani, sauti ya mume wangu, ambayo mimi mkewe ilikuwa siku ya nne sijaisikia:

"Tayari, Sajini."

Nilikuwa nimesimama pale pale mlangoni na kikombe cha uji. Nilikuwa nimekwisha kubisha mimi mara tatu. Nilimwita Bwana, nikamwita kwa jina la utani la tangu tulipooana, nikamuuliza amelalaje, nisijibiwe. Akaja mbuzi akajibiwa.

Nawaandikia wenzangu ambao waume wao, au kaka zao, au watoto wao, wametoka vitani na mikono yote miwili na miguu yote miwili, na bado hawajarudi. Mimi si daktari. Nilisoma misheni mpaka darasa la nne, kisha nikaolewa. Ugonjwa wenyewe daktari aliutaja kwa Kizungu, na dresa, yule msaidizi wake, akatufasiria kuwa ni mishipa imechoka. Zaidi ya hapo sijui. Ninalolijua ni vile ulivyokaa nyumbani kwetu Changamwe, upande wa Magongo, na vile ulivyonifanya mimi, mtu wa kucheka, nikamwonea mnyama wivu hadi nikakonda.

Mume wangu ni Katana. Naliandika jina lake kwa kuwa karatasi haina masikio. Nyumbani namwita Bwana. Nilikuwa mke wa miezi minne alipochukuliwa jeshini. Miaka yote aliyokuwa Burma mimi nilikuwa naota mchana. Nikitwanga, nikiteka maji, naota. Naona treni inasimama stesheni ya Changamwe, yeye anashuka na sanduku la bati, ananiita kwa mbali mbele za watu. Ndani ya sanduku mna cherehani. Tunajenga nyumba yenye dirisha moja la kioo, moja tu, nami nakaa nyuma yake nashona, watu wakipita wananiona.

Alikuja kwa miguu kutoka stesheni, masika ya mwaka uliofuata vita, mvua inamdondoka, viatu amevining'iniza shingoni. Akasimama uani akaniangalia kama mtu anavyoiangalia njia aliyoelekezwa. Akasema, "Kuna maji?" Nikampa maji. Ndiyo mapokezi yenyewe.

Ngozi yake ilikuwa ya manjano kama bizari, kwa vidonge walivyokuwa wakimezeshwa huko kuzuia homa. Shingo ilikuwa imekuwa nyembamba, kola ya shati inamzunguka kama pete ya kuazima. Mikono ilitetemeka mpaka ikawa nampa chai nusu kikombe. Treni ikipiga honi, alikuwa anajitupa chini kifudifudi hapo uani, hata kama pana tope. Kisha hunyanyuka, akajipangusa magoti, asimtazame mtu. Alihamia chumba kidogo cha uani chenye mlango wa mbao za sanduku, na usingizi wake ulikuwa wa kukaa, mgongo ukutani, uso mlangoni. Mimi nililala kitandani peke yangu kama mgeni.

Mjomba wake alileta mbuzi kutoka Rabai, wa kumpongeza. Mbuzi alikuja akifuatwa na mtoto wake wa siku chache. Wakamchinja mama, watu wakala, wakacheka. Katana hakuigusa nyama. Mwana mbuzi alikuwa analia huku na huko akinusa damu ya mamake, na kila mtu anasema, eee, huyo naye hatoishi. Katana akainuka, akamwokota, akamtia ndani ya koti lake la jeshi, akafunga vifungo. Kikabaki kichwa tu nje. Nikacheka kwa furaha. Niliona ni jambo jema. Sikujua naona harusi ya mwenzangu.

Hospitali ya kisiwani, mgonjwa huenda na chupa yake mwenyewe. Chupa yangu niliisugua kwa mchanga na majivu mpaka ikawa yang'aa, kwa ajili ya dawa yake ya kwanza. Asubuhi ya kwenda naitafuta, siioni. Nikaikuta nyuma ya nyumba, imetiwa maziwa, mdomoni imefungwa kitambaa, na mwana mbuzi anainyonya huku mkia unatikisika. Nikamwambia Bwana, hiyo ni chupa ya dawa yako. Akasema, "Huyu ana njaa." Maneno matatu. Wiki ile nzima mimi nilikuwa sijapewa hata mawili.

Basi nikatafuta chupa nyingine. Tangu siku hiyo miezi sikuihesabu kwa mwezi wa mbinguni, niliihesabu kwa chupa. Chupa ya kwanza ilikuwa na chumvi chumvi, ikamlaza mchana na kumwacha macho usiku. Chupa ya pili ilimvimbisha uso. Kufikia chupa ya tatu mvua zilikuwa zimekatika, na mwana mbuzi alikuwa mbuzi, jike jekundu lenye baka jeupe kwenye paji na vindevu viwili vitatu vimeanza kidevuni. Bwana akamwita Sajini, kwa kuwa, alisema, anaamsha watu na hataki sababu.

Siku ya chupa ya nne Sajini alitufuata. Tulimrudisha mara mbili, mara ya tatu tukamkuta anatungoja mbele, Makupa. Tukaenda naye hadi hospitali. Benchi la kungojea pale ni refu, limelainika kwa makalio ya watu. Pana mama mwenye mtoto wa surua, pana mzee mwenye jicho, kila mmoja na chupa yake mapajani kama amembeba mtoto. Wote wakatuangalia. Dresa akatoka na karatasi yake, akasema wanyama hawaingii. Katana akasema basi na yeye haingii. Dresa alikuwa mtu mwema, amechoka. Akafikiri, akaamua daktari atamwona kizingitini. Halafu akauliza, kama anavyomuuliza kila mgonjwa, apate kuandika:

"Nani amekusindikiza?"

Mume wangu akamwonyesha mbuzi.

Watu benchini wakacheka mpaka yule mtoto wa surua akaamka. Nami nikacheka, kwa kuwa sura yangu imezoea. Lakini ndani niliungua. Nilikuwa nimetembea njia ile yote na chupa kifuani na muhogo wa kuchemsha ndani ya kanga, nisije nikamwacha na njaa.

Nyumba ya pili kutoka kwetu anakaa Bi Mwanasha, mtu wa Mvita wa asili, mjane, ndiye aliyekuwa akitupa maziwa. Siku moja aliniona nakata majani ya Sajini huku nimekunja uso. Akaniita.

"Njoo, mwanangu. Una nini na mbuzi wa watu?"

"Sina kitu, Bibi."

"Huna kitu, na panga walipiga kama lina deni nawe." Akaniangalia. "Mimi nimeolewa uke wenza mara mbili, nawajua wake wenza wa kila namna. Lakini mke mwenza mwenye ndevu, wallahi, huyu ndiye wa kwanza kumwona."

Kufikia jioni neno lilikuwa limefika kisimani. Wanawake wakawa wananiuliza mwenzangu hajambo, amekula, zamu ya leo ni ya nani. Nikicheka nao. Nikifika nyumbani namkuta Katana amekaa chini, Sajini amemwegemea kwa ubavu, wote wawili wanatazama mbele, hawasemi, na mikono yake imetulia. Hiyo ndiyo iliyonikata. Kwangu ilitetemeka. Kwa mbuzi ilitulia.

Mwili wangu nao ukaanza. Chakula kikanikataa. Siku zangu hazikuja mwezi mmoja, wa pili pia hazikuja. Mavyaa, yaani mamake Katana, ambaye tulikaa naye nyumba moja, alihesabu bila kuniuliza, akaanza kuniwekea ndizi mbivu na kuninyang'anya mtungi. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba mwanawe hajanigusa tangu arudi. Zilipokuja mwezi wa tatu, aliona nguo kambani. Alizichukua ndizi akazipika.

Mavyaa ni mtu wa kanisa, huketi safu ya mbele. Lakini chupa ya saba ilipokwisha na mwanawe bado anajitupa chini, alijifunga leso yake ya zamani akaniambia nimsindikize Miritini. Sikumuuliza kuna nani. Njiani akaniambia Mungu anajua mama ni mama.

Mganga alikuwa mtu wa makamo, mpole, ana kikohozi. Alimsikiliza mavyaa mpaka mwisho. Kisha akanigeukia mimi, akataka kujua ni kitu gani kinalala karibu na mgonjwa kuliko vyote.

Nawaandikia nyinyi kwa kuwa mtanielewa. Ningeweza kusema ni ukuta. Ningeweza kusema ni koti la jeshi, na ingekuwa kweli. Nilisema, "Mbuzi." Wala sikuishia hapo. Nilieleza rangi yake, nikalitaja baka la paji, nikasema humngoja mlangoni na hamwachi mtu kupita, nikasema humwita na yeye huitika. Nilisema kwa sauti tamu, macho chini, kama mke mwema anayeomboleza. Mganga akakohoa, akafikiri. Akasema basi kilichomfuata mgonjwa kutoka vitani kimepata pa kukaa, kimekaa kwa mbuzi huyo. Atolewe kafara, na mgonjwa asiwepo. Mavyaa alilia kwa kushukuru. Mimi njia nzima ya kurudi niliona miguu yangu ni miepesi, na nilianza tena kuota dirisha langu la kioo.

Siku iliyopangwa ilikuwa siku ya hospitali. Tulimwambia Bwana kwamba mimi nina homa, mjomba ndiye atakayekwenda naye. Tulimfungia Sajini chooni asiwafuate. Walipopotea njiani, mganga akafika na kisu chake kwenye kitambaa safi. Mavyaa alikuwa ameufagia uwanja mapema. Sajini akaletwa, akanijia mimi moja kwa moja, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa nikimpa majani, akaanza kuitafuna ncha ya kanga yangu.

Kafara ina kanuni yake. Aliye mwenyewe wa mgonjwa hushika kamba kwa mkono wa kulia na kusema ametoa kwa radhi. Bila hivyo, damu inamwagika bure na ugonjwa unajua umedanganywa. Mganga akanipa kamba ya shingoni mwa Sajini.

"Mama, wewe ndiwe mke. Umetoa kwa radhi?"

Nilifungua kinywa. Nilikuwa nalo jibu tayari, nilikuwa nimelifanyia mazoezi kisimani. Lakini kamba ilikuwa na mafundo. Katana alikuwa ameivaa mkononi asubuhi nzima kabla hawajaondoka, na mafundo yake yalikuwa yamelainika kwa kidole gumba chake, fundo kwa fundo, kama mtu anavyohesabu. Nikajua ndicho anachofanya mchana kutwa mikono ikitulia. Na nikajua nikiitoa hii sina nitakachomtilia mkononi badala yake.

"Umetoa kwa radhi?" akarudia.

"Sina radhi."

Mavyaa akasema niache utoto. Akasema huyu ni mwanawe, si karata ya kuchezea.

"Mama, namtoa kwa wivu," nikamwambia. "Sikumtaja kwa ajili ya Bwana. Nilimtaja kwa kuwa yeye husemeshwa na mimi sisemeshwi."

Nilingoja kofi. Mavyaa akaketi juu ya kinu kilicholazwa, leso ikamwanguka begani, asiiokote.

"Mimi nilimzaa," akasema. "Siku mbili nilikuwa na uchungu wake. Na asubuhi ananisalimu baada ya mbuzi."

Mganga aliangalia mmoja, akaangalia wa pili. Akakikunja kisu kwenye kitambaa chake. Alisema yeye amezoea kutoa mashetani, wivu wa wanawake wawili si kazi yake. Tukampa kuku akaenda zake, na nina hakika alicheka alipofika barabarani.

Nilimwambia Katana siku ile ile. Alirudi alasiri, Sajini akaenda kumlaki hadi njia kuu, akiruka. Nilimpa maji akanywa, ndipo nikasema, leo tulitaka kumchinja, na aliyemtaja ni mimi. Hakupiga kelele. Aliingia chumbani na mbuzi wake, akafunga. Nikafunga nguo zangu kwenye kanga, nikijua nitarudishwa kwetu. Mavyaa alizifungua akazianika tena kambani kama zilizofuliwa.

Siku ya tatu alitoka akaja kuketi nilipokuwa nikikuna nazi. Akasema, akiitazama mbuzi ya nazi na si mimi:

"Mimi huko nilikuwa nachukua majeruhi kwa machela. Mtu akiwa kwenye machela huuliza. Tumefika? Mguu wangu upo? Nitaona kwetu? Niliwajibu wote. Wengine niliwajibu uongo, wakafa wameushika. Sasa nikiulizwa, hata nikiulizwa uji, nawasikia wao." Akaokota kifuu cha nazi. Kisha akasema, "Sajini haulizi."

Nilikuwa na swali mdomoni. Nilitaka kumuuliza walikuwa wangapi. Nililimeza na tui.

Hapo ndipo nilipohesabu nyuma. Umelalaje. Umeota nini. Waumwa wapi. Umekasirika. Kwani nimekukosea nini. Nilikuwa nikimpiga maswali tangu alfajiri, kwa mapenzi yote, na kwa kila moja nilimtilia mtu wa kufa chumbani.

Nisiwadanganye kwamba wivu uliisha. Jioni ile ile alimkuna Sajini pembeni mwa pembe, nami nikatamani ningekuwa na pembe. Lakini nikaanza kujifunza. Tulipata kazi ya kushona makuti ya kuezekea, na kazi hiyo ni ya watu wawili wakitaka iende: mmoja hukunja majani juu ya ufito, mwenzake hupitisha kamba. Nikawa nakunja, yeye anashona, kimya. Sajini katikati anaiba majani. Masika yakaja tena, yakapita. Badala ya "utakula?" nikawa naweka sahani na kukaa. Badala ya "umeamkaje?" nikawa nasema tu, jua limetoka, Bi Mwanasha kagombana na jogoo wake. Siku moja, kwenye kuti la arobaini au la hamsini sijui, aliniambia mwenyewe, bila kuulizwa, kwamba huko kuna mvua zinazonyesha kwa ubavu. Nikasema haya. Nikaendelea kukunja. Nilipokwenda kuteka maji nililia kwa furaha mpaka nikaujaza mtungi pomoni nikaumwaga wote.

Chupa ziliisha. Ya mwisho ilikuwa ya kumi na sita. Sasa ina mafuta ya taa. Amerudi kitandani. Amenenepa shingo, na ngozi imerudi nyeusi yangu ninayoijua. Mavyaa anasalimiwa wa kwanza, jambo ambalo anawatangazia watu kanisani. Cherehani bado, lakini dirisha lipo, la mbao, na mimi sijaacha kuota kioo chake. Wakiniuliza amepona, nasema anapona. Kuna siku treni hupiga honi akaendelea kushona. Kuna siku nyingine anajitupa chini, nami nalala karibu naye hapo hapo, tukangoja ipite, kisha tukanyanyuka tukajipangusa wote wawili.

Vuli hii ngurumo zilikuwa kubwa. Mwezi uliopita zilipiga usiku kucha, na asubuhi yake alikuwa amerudi kwenye kile chumba chake cha uani, amefunga mlango. Siku hiyo ikapita. Ya pili ikaingia. Na Sajini hakuwa wa kwenda, alikuwa amezaa usiku ule ule, mapacha, amelala bandani na watoto wake na hataki hata kunitazama. Mavyaa alikuwa kanisani. Nilisimama uani na kikombe cha uji, mahali pale pale.

Nilikuwa na jina lake mdomoni na maswali kumi nyuma yake. Nikayaacha. Nikasema moyoni, akiniitika "Tayari, Sajini," na aniitikie hivyo hivyo.

Nikaweka kikombe chini. Nikakunja vidole, nikabisha: ko, ko-ko. Kisha nikaketi kizingitini, nikauegemeza ubavu wangu mlangoni, nikatazama mbele.